Chini ya Gogo Gani?

Mtaani kwetu Kadutu, Bukavu, watoto huniita Papa Mende. Sijawahi kufuga mende wala kuuza dawa ya kuwaua. Kazi yangu ni mbawakawa wa ardhini, wale wenye ganda gumu na miguu mirefu ambao ukigeuza jiwe wanatimka kabla hujajua umeona nini. Vitabuni wanaitwa karabidi. Lakini mweleze hivyo mtoto wa miaka minane aliyebeba bidoni la maji! Kwake kila chenye ganda jeusi ni mende, na mtu mzima anayeinama kukiokota ana lake jambo.

Mimi si profesa. Ni fundi wa maabara. Natega, naosha, nachoma pini, naandika lebo, nakaa kwenye darubini mpaka macho yanatoa machozi. Profesa ndiye anayetia jina la mdudu, na jina lake yeye ndilo linaloonekana juu ya makala. Sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na wanaofikiri kwamba kumtambua mdudu ni kumtazama mdudu. Nimeiona kazi hii ikiharibika mara nyingi kuliko ilivyofanikiwa, na karibu kila mara haikuharibikia kwa mdudu. Iliharibikia kwenye kikaratasi kilicho chini yake.

Mbawakawa akishakauka huchomwa pini kwenye ganda la bawa la kulia. La kulia daima, ili la kushoto libaki zima. Mdogo sana hachomwi. Hubandikwa kwa gundi kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi, na pini ikapita kwenye karatasi hiyo. Chini yake, kwenye pini hiyo hiyo, inakaa lebo yenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba: mahali, mwinuko, tarehe, nani kaokota, na mdudu alikuwa akiishi wapi. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, au hulijibu kwa neno moja, "msituni". Msituni wapi? Kwenye majani makavu? Chini ya gome la mti uliooza? Ukingoni mwa kijito kwenye kokoto, au hatua tano juu yake penye matete? Chini ya gogo? Gogo gani, bichi au bovu, la juani au la kivulini? Hatua hizo tano zinaweza kutenganisha spishi mbili ambazo mezani utaziona ndugu wa tumbo moja.

Yapo masanduku ya zamani ambayo lebo zake zina neno moja tu: "Kivu." Kijana wa leo akisoma hivyo anafikiria ziwa. Lakini Kivu ilikuwa mkoa, na hadi ulipogawanywa mwaka 1988 ulishika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema kwa pamoja. Kwa hiyo mdudu huyo huenda alitoka Beni, huenda Kindu, huenda nyuma ya nyumba yangu. Nyingine zimeandikwa "Costermansville", na nimemwona mwanafunzi akiutafuta mji huo kwenye simu akidhani uko Ubelgiji. Ni Bukavu hii hii, kabla ya kubadilishwa jina miaka ya 1950.

Utaniuliza, si mdudu ni mdudu, popote alipookotwa? Kwa karabidi wa milimani, hapana. Wengi wao hawaruki. Ukiinua magamba ya mgongoni unakuta mabawa ya kurukia yamebaki vipande, kama shati lililokatwa mikono. Kwa wengine magamba yenyewe yameshikana, huyafungui. Mdudu wa namna hiyo, aliyezoea baridi na unyevu wa juu, hashuki kwenye joto la bonde la Ruzizi ili apande mlima wa pili. Mlima wake ndio kisiwa chake. Kahuzi ina mita 3,308, Biega 2,790. Kusini kuna Itombwe. Ng'ambo ya pili, Rwanda, kuna Nyungwe. Wa huku na wa kule wakikaa mbalimbali muda mrefu wa kutosha, wanageuka spishi mbili zenye sura moja. Ukipoteza lebo ya mdudu kama huyo umepoteza nusu ya jina lake, na darubini hairudishi.

Mtego wetu ni kikombe cha plastiki kilichozikwa mpaka mdomo wake ulingane na udongo. Mdomo ukibaki juu hata nusu sentimita, mdudu anauzunguka kama pikipiki inavyozunguka shimo la barabarani. Ndani tunatia maji ya chumvi au siki, na tone la sabuni ili azame. Juu tunasimamisha kipaa cha bati kwa ajili ya mvua. Mvua ya Kabare inaanza Septemba na kukuachia Mei. Ukitega bila kipaa, asubuhi unakuta supu ya matope imemwagika na wadudu wako wako safarini kuelekea ziwani.

Hayo yamo kwenye vitabu vya mbinu. Ambayo hayamo ni kwamba mwanamume anayechimba vishimo ishirini kwa mstari, kila baada ya mita tano, kwenye mlima wa Kivu Kusini, hatafuti wadudu. Hakuna atakayemwamini. Siku moja huko Walungu nilifika alfajiri kukusanya, nikakuta vijana kama kumi wana majembe na mstari wangu wote umechimbuliwa hadi magotini. "Muzee," mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "useme tu kweli. Ni dhahabu ao ni koltani?" Nikamwonyesha chupa yenye mbawakawa watatu. Akaitazama, akawageukia wenzake: "Muzee anaficha." Vikombe vyangu nilivikuta jioni kwa mama mmoja anayeuza pombe ya kasiksi, vimeoshwa vizuri, watu wanavinywea. Sikumwambia vilikuwa na nini. Nilikunywa kimoja nikaondoka.

Tangu siku ile naanza kwa mkuu wa kijiji. Namwonyesha chupa, namwonyesha picha, halafu nawaita watoto wageuze mawe pamoja nami. Hasara ni kwamba siku nzima inapita kwa maneno. Faida ni kwamba nimejifunza mengi kwa watu ambao hawajawahi kuona ufunguo wa utambuzi, yale maswali ya kitabuni yanayokuongoza hadi jina la mdudu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage karibu na Miti aliniambia bila kuinua kichwa: "Ule wa kijani hauko huku juu, Papa. Uko kule penye mayi, na ukiushika mukono unanuka siku muzima." Alikuwa akimsema Chlaenius, wale wanaong'aa kama shaba iliyosuguliwa, ambao kweli hupenda ukingo wa maji na kweli hutoa harufu kama ya dawa ya kusafishia choo. Mama yule alinipa makazi na kitambulisho kwa sentensi mbili. Nimesoma ripoti za kurasa themanini ambazo hazikunipa hayo.

Harufu na moto ni sehemu ya kazi. Kwenye mawe ya bonde la Ruzizi, njia ya Uvira, kuna Pheropsophus, mwenye rangi ya manjano na nyeusi. Huyu ana chumba tumboni anamochanganyia kemikali mbili, zikachemka hadi karibu digrii 100, akakupulizia kwa mlio unaousikia. Vidole vinabaki na madoa ya kahawia kwa siku kadhaa. Hivyo ndivyo ninavyowatambua wanafunzi waliokwenda kweli uwandani na waliokaa hotelini wakaandika: naangalia vidole.

Sasa tuseme mdudu amefika mezani na lebo yake. Kwanza namgeuza chali. Kwa karabidi, nyonga za miguu ya nyuma zimelikata bamba la kwanza la tumbo katikati, na kwenye shina la kila paja la nyuma kuna kipande kilichovimba kama punje ya harage. Nahesabu vipande vya unyayo: vitano mguu wa mbele, vitano wa kati, vitano wa nyuma. Vipapasio vina vipande kumi na kimoja, navyo vimeota kati ya jicho na taya. Hapo najua niko kwenye familia yenyewe. Familia hiyo ina zaidi ya spishi 40,000 duniani, kwa hiyo bado sijui kitu.

Kisha naingia kwenye nywele. Mtu wa nje hawezi kuamini ni kiasi gani cha kazi hii ni nywele. Nywele moja au mbili juu ya jicho. Nywele kwenye pembe ya nyuma ya ngao ya kifua, au hakuna. Nywele kwenye nafasi ya tatu kati ya mifereji ya ganda la bawa, ngapi, na zimekaa karibu na mfereji upi. Zinakatika ovyo, zikikatika zinaacha kishimo, basi natafuta kishimo. Na mdudu aliyelala siku nne kwenye kikombe cha matope, vishimo vyake vyote vimejaa udongo wa Kabare, ule mwekundu usiotoka hata kwenye shati. Nina brashi niliyoipunguza kwa wembe mpaka ikabaki na nywele tatu. Nimewahi kumaliza asubuhi nzima kwenye kishimo kimoja, na umeme ukakatika nikiwa nakaribia.

Mwisho wa yote, spishi nyingi zinazofanana hutenganishwa kwa uume wa dume. Samahani kwa wasomaji wenye haya. Dume unamjua kwa nyayo za mbele zilizopanuka. Unamlainisha kwa maji ya moto, unamtoa kiungo hicho kwa sindano iliyopindwa ncha, unakitazama kwa ubavu na kwa juu. Ukiwa na majike tu kwenye chupa, basi unaandika jina la jenasi, unaweka nukta, unafunga sanduku. Nina masanduku mengi ya nukta.

Kijana mmoja mwenye bidii aliniletea wadudu wa tasnifu yake siku mbili kabla ya kuitetea. Alilinganisha shamba la mihogo na kipande cha msitu, akakuta karabidi wengi zaidi shambani. Matokeo mazuri, ya kushangaza, yenye majedwali. Nikawapitisha chini ya darubini. Karibu theluthi moja ya wale wa shambani walikuwa na vipande vinne tu kwenye unyayo wa nyuma. Hao si karabidi. Ni familia nyingine kabisa, ya mbawakawa wanaokula mabaki ya mimea. Nao ni weusi, nao wanakaa chini. "Papa," akaniambia, "lakini si wote ni weusi?" Tulipowatoa, tofauti kati ya shamba na msitu ikaisha. Akanishukuru sana. Kesho yake akaitetea kazi ile ile bila kubadilisha namba hata moja, akapata alama nzuri. Tasnifu iko kwenye kabati, na siku moja mtu ataitaja.

Siku hizi wanakuja na simu. Wanapiga picha, programu inawaambia: Carabus. Nimesikia jina hilo mara nyingi hata nimeacha kukasirika. Carabus ni wa Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini, na kwa Afrika anaishia huko kaskazini, juu ya Sahara. Kusini mwa Sahara hayupo. Lakini simu imefundishwa kwa picha za kwao, basi mdudu mkubwa mweusi wa Kahuzi anapewa jina la jamaa yake wa Ujerumani. Mara nyingi aliye mkononi ni Tefflus, mweusi tii, mwenye matuta mgongoni kama shamba la viazi vitamu, anayekula konokono. Namwuliza mwenye simu: ulimwokota wapi? "Bustanini." Penye konokono? Ananitazama kama mganga.

Ufunguo halisi tunaoutegemea ni wa Kifaransa na wa zamani. Sehemu kubwa ya karabidi wa eneo hili walielezwa na Pierre Basilewsky, wa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1953 alipita Ruanda-Urundi akikusanya. Mwaka 1957 akarudi Afrika Mashariki na Narcisse Leleup kwa safari iliyodhaminiwa na IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1947 na ambayo kituo chake cha Lwiro, kaskazini mwa mji wetu, ndicho kituo cha utafiti cha leo kiitwacho CRSN. Leleup alikuwa mtu wa chekeche: anachekecha mboji ya msituni mpaka anapata vidudu vya milimita mbili visivyo na macho. Nawaheshimu. Lebo zao nyingi zina mwinuko na aina ya mboji, jambo ambalo wengi wetu leo wenye GPS hatuandiki.

Tatizo ni kwamba ufunguo unakufikisha mahali fulani, halafu unakwambia: linganisha na kielelezo cha kwanza. Kielelezo hicho, mdudu yule yule ambaye jina lilitolewa juu yake, mara nyingi kiko Tervuren. Aliokotwa mwendo wa saa chache kutoka hapa nilipokaa, na ili nimwone nahitaji viza. Vijana wa huko ni wema. Ukiwaandikia wanatuma picha. Lakini picha inaonyesha mgongo, nami nilitaka kuona kishimo kimoja kwenye pembe ya nyuma ya ngao, upande wa kushoto. Kutuma mdudu wetu huko nako kulikuwa na foleni ya vibali, na tangu vita ilipoingia Bukavu, Februari 2025, kifurushi hata cha nguo ni habari ndefu. Wadudu wangu wako kwenye boksi la viatu, wamefungwa vizuri, wanasubiri.

Kusubiri si bure. Kuna mbawakawa mdogo, chini ya milimita nne, ambaye kazi ya mabuu yake duniani ni kula vitu vikavu: ngozi, manyoya, wadudu waliokufa. Anaingia kwenye sanduku kupitia ufa usioupitisha uzi. Huoni kitu mpaka siku unafungua na kukuta pini zimesimama kwa mstari, lebo zimekaa sawa, na juu ya kila lebo kuna vumbi. Dawa yake ni naftalini, au kugandisha sanduku kwenye friza wiki mbili. Friza inataka umeme. Naftalini inataka hela. Kuna mwaka tuliomba zote mbili tukapewa semina.

Wakulima nao wana swali lao juu ya karabidi, la haki kabisa: huyu anakula mahindi yangu? Hapana, Mama, wengi wao wanakula wanaokula mahindi yako. Lakini viwavijeshi kutoka bara la Amerika, ambao walifika Afrika mwaka 2016, wamefundisha watu kupuliza dawa kwanza na kuuliza baadaye. Nimekuta mistari ya mahindi ambayo udongo wake asubuhi umejaa karabidi waliolala chali, na viwavi wako salama ndani ya majani machanga yaliyojikunja.

Kuna bwawa dogo nililokuwa nalitumia miaka mingi, upande wa kulia ukienda Kavumu. Halina jina kwenye ramani, na sitalitaja kwa jina la kienyeji kwa sababu wenyewe wana kesi ya ardhi. Lilikuwa na mafunjo, na pembeni udongo mweusi uliopasuka wakati wa kiangazi. Ndani ya nyufa hizo kulikuwa na mbawakawa mmoja, milimita tisa, mwenye miguu ya njano, ambaye sikuwahi kumpata kwingine. Nina majike sita. Dume sijampata hata mmoja. Kwenye lebo nimeandika jenasi, na nukta.

Nilirudi Juni iliyopita kutafuta dume. Mafunjo yamefyekwa, mifereji imechimbwa, na udongo ule mweusi wa pembeni umegeuzwa matofali. Tanuri tatu zinafuka moshi. Siwezi kuwalaumu: mji unapanda mlima, nyumba zinaporomoka na mvua, watu wanataka matofali, na mwenye udongo anauza udongo. Kijana wa tanuri akaniuliza natafuta nini, nikamwambia. Hakucheka. Alinipa ruhusa ya kugeuza matofali mabichi yaliyoanikwa, mradi niyarudishe.

Niligeuza mpaka saa kumi. Buibui, jongoo, mchwa. Kwenye safu ya mwisho karibu na mfereji, penye unyevu, kitu kidogo chenye miguu ya njano kikakimbia, nikakifunika kwa kiganja. Nyumbani nilimwosha, nikamgeuza. Nyayo za mbele nyembamba. Jike la saba.

Usiku ule nilikaa na kalamu ya wino usiofutika mbele ya kikaratasi. Mahali, sawa. Mwinuko, sawa. Tarehe, sawa. Kwenye makazi nilitaka kunakili kama zile sita za kwanza: "nyufa za udongo, ukingo wa bwawa lenye mafunjo". Ingependeza sandukuni, saba zinafanana. Nikaandika: "chini ya tofali bichi, kiwanda cha matofali, zamani bwawa".